Nimeficha hela za macho, mume wangu hajui

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni dada wa miaka 34, kwetu Muheza, ila huu ni mwaka wa saba niko hapa Houston. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, zamu ya usiku, siku nne kwa wiki. Miwani nimeanza kuvaa tangu darasa la sita. Namba yangu sasa ni -5.50 jicho la kulia na -5.25 la kushoto. Nikiivua, mtu aliyekaa upande wa pili wa meza namtambua kwa sauti.

Mwezi wa nane, saa tisa usiku, nilikuwa namgeuza kitandani mzee mmoja aliyepoteza kumbukumbu. Alinishika usoni ghafla akaing'oa miwani, mkono mmoja ukavunjika, kioo kimoja kikatoka. Zamu nilimaliza nimeifunga kwa plasta ya vidonda. Alfajiri nikaendesha gari maili kumi na nane nimeinamisha kichwa upande ili nione kwa kile kioo kilichobaki. Miwani nyingine sikununua mpaka leo, kile kioo nilikigandisha na gundi, naivaa na plasta yake. Nilijiambia sinunui tena, nataka kufanyiwa macho kwa leza.

Mwenzangu kazini, Mkenya, ndiye aliyenifumbua. Aliniuliza, "Si una kadi ya HSA? Hiyo hela haikatwi kodi, lipia macho!" Kweli ninayo, hiyo HSA ni akaunti ya kuwekea hela za matibabu. Nilijiunga mwaka 2024 kwa sababu ile bima ndiyo ilikuwa ya bei nafuu, sikuelewa zaidi ya hapo. Bima ni ya kwangu peke yangu. Nilimaliza 2024 na dola 1,450 humo. Mwaka huu wa 2025 nakatwa dola 80 kila mshahara, na mwajiri aliweka 500 mwezi wa kwanza. Mpaka mshahara wa juzi, makato yangu ya mwaka huu yamefika 1,840. Jumla nina 3,790.

Nilipiga simu kituo kimoja kinachotangaza dola 999 kwa jicho. Kwa namba yangu wakaniambia ni dola 4,400 macho yote mawili. Desemba wamejaa, nafasi ni Januari, lakini ofa inaisha tarehe 31 Desemba, kwa hiyo nitangulize 500 sasa hivi kwa kadi. Bado hawajanipima.

Sasa tatizo, Shangazi. Nimeolewa tarehe 14 Juni mwaka huu. Mume wangu ni mtu mzuri, ila mbana matumizi. Tunalipia kiwanja nyumbani, na nilipogusia habari ya macho alisema, "Miwani unayo, huo ni urembo." Basi nikanyamaza. Habari ya hiyo akaunti sijamwambia kabisa. Naona ni hela yangu, inatoka kwenye mshahara wangu, nitafanya kimyakimya, akija kujua nimeshapona. Yeye naye ana kadi yake ya kazini kwake, ghalani, anaiita FSA, nayo ni hela ya matibabu inayokatwa kwenye mshahara wake. Analipia meno na dawa za mzio, na hata Agosti nilipougua homa alinilipia kliniki kwa hiyo hiyo.

Halafu mama yangu ana mtoto wa jicho. Kaka ananiambia, "Si una hela ya matibabu ya macho huko, mlipie mama apasuliwe." Inawezekana kuitumia kadi kwa ajili yake? Na je, nikienda likizo nikafanyiwa mimi mwenyewe huko nyumbani, kadi inakubali? Kazini fomu za bima za mwaka ujao zinafungwa tarehe 21 Novemba. Nijaze nini?

Mwenye Miwani ya Plasta, Houston

*

Marahaba mwanangu, na pole na hayo ya alfajiri.

Nianze na lile linalokukosesha usingizi kuliko yote, maana ndilo jepesi. Mume wako anauita urembo, ila mamlaka ya kodi ya Marekani, IRS, haikubaliani naye. Kijitabu chao namba 502, kile kinachotaja gharama gani ni matibabu na gani si matibabu, kinataja upasuaji wa leza wa kurekebisha uoni kwa jina lake. Kupunguza kitambi kwa kisu ni urembo. Kurekebisha jicho lisiloona mbali ni matibabu, na hela ya HSA au ya FSA inalipia bila kodi. Hapo mwenzako Mkenya yuko sahihi.

Nilikuwa nasoma barua yako na kikombe cha chai mkononi. Nilipofika kwenye "Agosti nilipougua homa alinilipia kliniki" nikakiweka chini.

Nieleze taratibu. HSA ni akaunti yako mwenyewe, kama ya benki. Ukiacha kazi unaondoka nayo, mwaka ukiisha hela inabaki humo, na hata ukiiacha miaka ishirini ni yako. Kwa ukarimu huo serikali imeweka sharti: anayeweka hela HSA awe na bima ya aina ile uliyonayo wewe, ambayo mwanzoni unabeba mzigo mkubwa mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa, na asiwe na kinga nyingine ya matibabu inayomlipia kuanzia dola ya kwanza. FSA ya mume wako ndiyo hiyo kinga nyingine. Huku Marekani FSA ya kawaida ya matibabu humhudumia mfanyakazi pamoja na mkewe, atake asitake, ajue asijue. Zipo FSA za macho na meno tu, na hizo hazina ugomvi na HSA. Lakini kadi iliyokulipia homa si ya macho na meno tu. Ni ya kawaida.

Maana yake, tangu ulipoolewa umepoteza haki ya kuweka hela kwenye HSA. Haki hiyo huhesabiwa kwa mwezi, kwa hali uliyokuwa nayo tarehe mosi. Tarehe 1 Juni ulikuwa bado binti wa nyumbani, kwa hiyo Juni inahesabika. Kuanzia tarehe 1 Julai, basi. Na usiseme kadi yake ameshaimaliza yote. Hata ikisoma sifuri, mpango wake unaendelea kukuhesabu hadi mwaka wa mpango uishe.

Usiogope, chukua kalamu. Kiwango cha juu cha HSA kwa mtu mwenye bima ya peke yake mwaka 2025 ni dola 4,300. Wewe una miezi sita kati ya kumi na miwili, kwa hiyo haki yako ni nusu, 2,150. Zilizoingia mwaka huu ni zako 1,840 na za mwajiri 500, ambazo nazo zinahesabiwa, jumla 2,340. Umezidisha dola 190. Ni hizo tu, ukisimamisha makato kuanzia mshahara unaokuja. Zile 1,450 za 2024 ni safi, hakuna wa kuzigusa, na hela safi iliyomo unaruhusiwa kuitumia hata kipindi ambacho huruhusiwi kuongeza. Toa hiyo 190 kwenye 3,790, unabaki na 3,600 za macho yako.

Hiyo 190 usiitoe kwa kadi. Piga simu kwa wanaokutunzia akaunti, uwaambie unataka kuondoa hela iliyozidi kiwango cha mwaka 2025. Wana fomu yake. Wataitoa pamoja na faida yoyote iliyozaa, nawe utaitaja kwenye ritani, yaani fomu ya kodi ya mwaka, kama kipato cha kawaida. Ikitoka kabla ya tarehe 15 Aprili 2026, mambo yamekwisha. Ukiiacha, inatozwa asilimia 6 kila mwaka itakaokaa humo. Kwa dola 190 hiyo ni kama dola kumi na moja, si hela ya kuvunja nyumba, lakini barua ya IRS ikifika mlangoni kwenu haitaandikwa "kwa siri".

Na hapo ndipo siri yako ilipofia. Mkijaza kodi pamoja kama mume na mke, HSA ina fomu yake ya peke yake, namba 8889, na juu kabisa kuna jina lako. Yeye atasaini ritani hiyo. Sijui ulipanga akisaini afumbe macho au vipi. Zaidi ya hapo, hesabu yako ya mwaka ujao huwezi kuijaza bila kujua yeye anajaza nini kwenye yake. Wahenga walisema mficha uchi hazai, mimi nasema hata HSA hapati. Mwambie leo, kabla hajaingia kazini. Usianze na leza. Anza na ile alfajiri, maili kumi na nane na kioo kimoja. Nina shaka kama hiyo ulimsimulia, maana mtu anayebana matumizi mara nyingi hubanwa zaidi na hofu, na akijua mke wake aliendesha barabara kuu ya Houston hali ile, neno urembo litamtoka mdomoni lenyewe.

Halafu mwonyeshe hesabu, hiyo ndiyo lugha yake. Hela inayokatwa kazini kuingia HSA au FSA haitozwi kodi ya mapato, wala ile asilimia 7.65 ya Social Security na Medicare, mifuko ya pensheni na matibabu ya wazee. Kama mko kwenye daraja la kodi la asilimia 12, kila dola mia inayopita humo inawaokolea karibu dola 20. Kwa 4,400 ni kama dola 865. Texas haina kodi ya mapato ya jimbo, ndiyo maana hesabu inaishia hapo. Mwenye bahati mbaya ni dada yetu wa California, ambako jimbo haliitambui HSA kabisa na linataka chake.

Tuje kwenye fomu za tarehe 21. Una 3,600, unahitaji 4,400, pengo ni 800. Njia ziko mbili na haziwezi kwenda pamoja.

Ya kwanza ni kupitia kwake. Yeye naye atakuwa na dirisha lake la kujiandikisha, na mwaka 2026 FSA inaruhusu hadi dola 3,400. Uzuri wa FSA ni mmoja lakini ni mkubwa: kiasi chote alichoandika kinakuwa tayari siku ya kwanza ya mwaka wa mpango, ingawa makato yanakwenda polepole mwaka mzima. Akiandika 800 pamoja na ya meno yake, Januari unafanyiwa, na yeye anakatwa kidogokidogo hadi Desemba. Hata akiacha kazi Machi, mwajiri hawezi kumdai alichokwisha kutumia. Ubaya wake ni kwamba isipotumika imekula kwenu. Waajiri wengine huruhusu kusogeza kiasi fulani mwaka unaofuata, wengine huongeza muda hadi katikati ya Machi, wengine hawatoi chochote. Ukichagua njia hii, wewe andika sifuri kwenye HSA ya 2026, na uwaambie kazini wasikuwekee ile 500 ya Januari, maana nayo itakuwa imezidi.

Ya pili ni yeye kuachana na FSA ya kawaida, na wewe kuendelea na HSA, ambayo mwaka 2026 kiwango chake kwa bima ya mtu mmoja ni 4,400. Kama kazini kwake wana ile ya macho na meno tu, achukue hiyo, meno yake yasiteseke. Januari utalipa 3,600 kwa kadi na 800 kutoka mfukoni, utunze risiti, halafu hela ikijaa humo unajirudishia. Hakuna tarehe ya mwisho ya kujirudishia, mradi akaunti ilikuwepo kabla ya siku ya matibabu, na yako ipo tangu 2024. Kwa kweli ile 500 ya mwajiri peke yake inaziba zaidi ya nusu ya pengo. Lakini hapa kuna mwiba mmoja: FSA yake ya mwaka huu lazima isome sifuri ifikapo 31 Desemba. Ikibaki hata dola 40 na mpango wake unasogeza salio, ile 40 itakuvuruga tena 2026. Anunue dawa za mzio za kutosha, amalize.

Mimi ningechukua ya pili. Napenda hela isiyooza, na sipendi kuiacha 500 ya bure mezani. Ila wewe ni bibi harusi wa miezi mitano. Kama mwakani mnatarajia mtoto, basi kaa na karatasi za bima usiku mmoja, kwa sababu ile bima ya mzigo mkubwa mwaka wa kujifungua itakutaka utoe maelfu kabla haijakusaidia, na pengine ile nyingine ya gharama juu ndiyo nafuu. Na kama ni mtoto, macho nayo yasubiri. Mimba na kunyonyesha huyumbisha namba ya miwani, madaktari huwa hawakati jicho linaloyumba.

Ndiyo maana sikubaliani kabisa na huo utangulizi wa dola 500. Hawajakupima! Unaambiwa bei ya mbuzi aliye ndani ya gunia. Mwenye namba kama yako huweza kufika pale akaambiwa konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, ni nyembamba, au ina umbo la koni linalozidi kuchongoka, na mtu huyo leza ya aina hiyo haimfai hata akitoa dola elfu kumi. Wanataka pia namba iwe imetulia walau mwaka mzima, kwa hiyo nenda na vipimo vyako vya mwaka jana. Kama huwa unavaa lenzi laini, acha kuzivaa wiki mbili hivi kabla ya kupimwa, zile ngumu zaidi ya hapo, la sivyo watapima umbo la lenzi badala ya umbo la jicho. Vituo vingi hupima bure. Kapime kabla ya tarehe 21, ndipo uandike namba kwenye fomu. Fomu ikishafungwa, kwa FSA hasa, kubadilisha mpaka uoe, uzae au upoteze kazi.

Na hata ungekuwa umepimwa, kulipa Desemba kwa kazi ya Januari hakusaidii. Kinachoangaliwa ni siku jicho lilipoguswa, siyo siku hela ilipotoka. Kijana mmoja niliyewahi kumjazia kodi alibakiza hela ya FSA Desemba, kituo kikamwambia lipa sasa uje mwezi wa pili. Akalipa. Wasimamizi wa kadi wakamwomba risiti yenye tarehe ya huduma, hana, wakamdai hela irudi, na salio lake la mwaka likafa hapo hapo. Alikuja kwangu na ile karatasi ndogo ya mashine ya kadi, ameikunja vizuri ndani ya pochi, akidhani ndiyo risiti. Risiti inayokubalika inaonyesha jina la mgonjwa, tarehe ya huduma, ni huduma gani, nani kaitoa, na bei. Idai siku ile ile kabla hujatoka, maana utatoka umevaa kinga ya macho na huoni vizuri.

Watakupa pia karatasi ya mkopo usio na riba miezi 24. Isome sehemu ya herufi ndogo. Mingi ya mikopo hiyo, ukibakiza hata kidogo siku ya mwisho, riba yote inahesabiwa nyuma tangu siku ya kwanza. Kwa pengo la 800 huhitaji hayo.

Kuhusu jicho lenyewe, mimi si daktari, ila nililazwa kwenye kile kitanda mwaka 2009. Unadondoshewa dawa ya ganzi, uko macho kabisa. Wanaweka pete inayovuta jicho, unabanwa, kwa sekunde chache kunakuwa giza. Halafu leza inatika kama mashine ya cherehani iliyo chumba cha pili, na unasikia harufu ya nywele zilizoungua. Usishtuke. Kila jicho ni dakika chache. Uje na wa kukuendesha kurudi nyumbani (sababu nyingine ya mume kujua). Ulizia macho kukauka na miduara inayozunguka taa usiku, maana wewe unaendesha usiku na hilo kwako si dogo. Kwa wengi hupungua miezi ikienda, kwa wachache hubaki. Waulize pia muda wa kukaa mbali na wazee wanaonyakua nyuso. Kwenye ile njia ya kawaida wanafungua kipande chembamba juu ya konea na kukirudisha, na jicho hilo halitakiwi kusuguliwa wala kupigwa. Kuna njia ya zamani zaidi isiyofungua kipande, inauma na inachelewa kupona, lakini kuna wanaoshauriwa hiyo kwa sababu ya kazi zao. Mweleze daktari kazi yako kwa jina. Na ujue umri utafika tu: mimi leo nina miaka 51, mbali naona kama tai, lakini barua yako nimeisoma kwa miwani ya kamba.

Ukitaka kufanyiwa nyumbani ukiwa likizo, kadi haina ubishi na nchi, mradi mgonjwa ni wewe na matibabu ni halali huko na huku. Nauli usiitie humo kama safari ni ya kwenda kumsalimia mama. Lakini watataka kukuona kesho yake, na tena baada ya wiki, kisha miezi. Likizo yako ni wiki ngapi?

Nimemwacha mama mwisho kwa sababu jibu lake halinifurahishi. Haiwezekani. Kadi hizi zinalipia wewe, mumeo na wategemezi wenu, na mtegemezi kwa sheria ya kodi ya hapa lazima awe raia wa Marekani, au mkazi wa Marekani, Kanada au Meksiko. Mama yuko Muheza, si raia, hata kama unamtumia kila mwezi na anakula kwa jasho lako. Ukitoa hela ya HSA kwa ajili yake utatozwa kodi ya mapato na faini ya asilimia 20 juu yake. Siku akija kuishi nawe kwa karatasi za ukazi, tutaongea upya. Kaka yako si wa kulaumiwa. Ukisikia "hela ya matibabu ya macho" unafikiri jicho ni jicho.

Lakini mtazame tena mumeo na zile dola 865. Hizo hazikuwepo, na zikishaokolewa kwenye mshahara ni hela za kawaida kabisa, hazina masharti ya mtu, zinatumwa popote. Mtoto wa jicho haitakiwi kusubiri kiwanja kiishe. Hospitali ya KCMC pale Moshi ina idara kubwa ya macho, na Dar kuna hospitali ya CCBRT. Kaka aulize bei kwanza ya jicho moja, lile baya zaidi, halafu mpange. Mimi nikiwa wewe, mazungumzo na mume ningeyaanza na macho mawili na kuyamaliza na la tatu.

Na hiyo miwani ya plasta kaivue. Kabla ya kupimwa utaihitaji nzima, tena pengine kwa wiki mbili mfululizo kama huwa unavaa lenzi. Nenda duka la miwani wiki hii, ulipe kwa kadi ya HSA, kutoka kwenye zile 1,450 safi. Hiyo nayo inaruhusiwa, na wala haimsubiri mtu.

Shangazi